Kinga Si Misuli

Kuna sentensi moja ningependa tuizike mwaka huu, tena bila maua: "Kinga yako iko chini."

Utaisikia kwa mama mboga, kwa mtu wa kemisti, kwa mhubiri wa redio, na kwa yule msee wa TikTok aliyevaa koti jeupe ambalo halijawahi kuona mlango wa chuo cha udaktari. Ukipiga chafya asubuhi, kinga yako iko chini. Ukitoka vipele, iko chini. Kifua kikibana usiku, iko chini kabisa. Na kwa kuwa iko chini, lazima ipandishwe, na kwa bahati nzuri ajabu, anayekuambia iko chini ndiye huyo huyo anayeuza cha kuipandisha. Tangawizi, manjano, kitunguu saumu, mlonge, asali na siki ya matofaa, vyote kwenye chupa moja. Ukichukua tatu unapata ya nne bure.

Sina ugomvi na tangawizi. Chai yangu haikamiliki bila hiyo. Ugomvi wangu ni na wazo lililo nyuma ya chupa: kwamba kinga ya mwili ni kama misuli ya jimu, kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo ilivyo bora, na kwamba mgonjwa ni mtu ambaye hakujikaza. Hilo si kosa dogo la lugha. Linaua watu. Na linawaua kwa urahisi zaidi wale wenye mzio, ambao shida yao ni kinyume kabisa: kinga iliyo macho, yenye nguvu, inayompiga asiye adui.

Tuangalie kinachotokea ndani.

Chukua karanga. Ina protini ambazo kwa watu wengi ni chakula tu. Lakini kwa mtu mwenye mzio, siku moja, pengine akiwa mtoto na bila yeyote kugundua, kinga ilizikagua protini hizo ikaziandika kwenye orodha ya maadui. Ikatengeneza kingamwili za aina inayoitwa IgE, zenye umbo la kushika protini hizo. Kingamwili hizo zikaenda kujibandika juu ya seli fulani, seli za masti, ambazo zimetapakaa kwenye ngozi, puani, kwenye njia za hewa na tumboni, yaani pale ambapo dunia hugusana na mwili. Siku hiyo ya kwanza hakuwashwa wala hakufura. Orodha iliandikwa kimya kimya.

Kesi inaanza siku nyingine. Protini zile zile zinaingia, zinashikwa na IgE zilizokaa jirani, na seli ya masti inamwaga akiba yake: histamini na kemikali nyingine kadhaa. Mishipa midogo ya damu inapanuka na kuvuja, ndio maana midomo na macho vinafura. Misuli ya njia za hewa inajikaza, ndio maana kifua kinapiga filimbi. Pua inatiririka, tumbo linakataa. Yote haya yakitokea mwili mzima kwa wakati mmoja, presha inaporomoka, koo linafunga, na mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Hiyo ndiyo anafilaksia.

Sasa nionyeshe ni wapi katika hadithi hiyo kinga ilikuwa chini. Iliona haraka, ikakumbuka vizuri, ikapiga kwa nguvu zote. Ilichokosea ni nani wa kupigwa.

Sisi Wakenya wa umri huu hatufai kuhitaji maelezo marefu hapo. Juni 2024 tulisimama barabarani na chupa za maji, bendera na simu, tukajibiwa kwa vitoza machozi na risasi. Sikusikia mtu akisema jioni ile kwamba tatizo ni polisi kukosa nguvu, kwa hivyo waongezewe. Tulijua tatizo ni nani aliyeandikwa adui. Na wenye pumu waliokuwa ndani ya ule moshi waliyajua mambo yote mawili kwa kifua kimoja.

Mbona basi mwili ukawekewa silaha hatari hivyo? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba upande huu wa kinga ulijengwa kupambana na minyoo na vimelea wengine ambao ni wakubwa mno kumezwa na seli moja. Adui kama huyo hufukuzwa kwa kuwashwa, kukohoa, kutapika na kuhara. Ukiangalia vizuri, dalili za mzio ni hizo hizo za kufukuza, ila safari hii anayefukuzwa ni karanga, kamba, chavua ya nyasi, au vumbi la godoro.

Na kama unadhani haya ni mambo mapya ya vijana wa mjini wasiojua shida, soma historia. Mwaka wa 1901 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri kwenye meli ya Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco wakichunguza sumu za viumbe wa baharini. Waliporudi nchi kavu waliendelea na kazi kwa kutumia sumu ya mnyama mmoja laini wa baharini mwenye minyiri inayouma. Wakawadunga mbwa dozi ndogo, wakitarajia miili yao izoee, ipate kinga. Mbwa mmoja, aliyeitwa Neptune, alivumilia dozi ya kwanza bila shida. Wiki tatu hivi baadaye, akiwa mzima kabisa, alipewa tena dozi ndogo. Alikufa chini ya nusu saa.

Hebu rudia polepole: walikuwa wanajaribu kumwongezea kinga. Mwaka wa 1902 wakakiita walichokiona anafilaksia, kwa maana ya kinyume cha kulindwa, na mwaka wa 1913 Richet akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Katikati ya hapo, mwaka wa 1906, daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, alitunga neno ambalo sisi tumelifanya aleji. Alitaka neno litakaloeleza kwamba mwili uliowahi kukutana na kitu hubadilika, na kwamba badiliko hilo linaweza kuwa ulinzi au linaweza kuwa madhara. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita walishajua kwamba "zaidi" na "bora" si kitu kimoja. Sisi bado tunauziana chupa.

Kama mfano wa mbwa uko mbali, njoo karibu. Kumbuka 2020, tulivyopigania malimau na tangawizi sokoni ili kinga ipande. Mwaka huo huo, majaribio makubwa ya Uingereza yaliyoitwa RECOVERY yalionyesha kwamba deksamethasoni, steroidi ya bei rahisi, ilipunguza vifo kwa karibu thuluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa Covid waliokuwa kwenye mashine za kupumua. Kazi ya steroidi hiyo ni nini? Kutuliza kinga. Wagonjwa wengi mahututi walikuwa wanaumizwa na jibu la miili yao wenyewe, na kilichowaokoa ni kitu kilichoiambia kinga ipunguze hasira. Hakuna aliyetengenezea hilo wimbo.

Najua majibu nitakayopewa. Nimeyasikia kwenye matatu, kwenye harusi, na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nitayachukua moja moja.

La kwanza: "Huo ni ugonjwa wa wazungu na watoto wa Lavington." Kuna chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo ndiyo inayodanganya. Mwaka wa 1989 Mwingereza David Strachan alichapisha uchunguzi uliohusu watoto zaidi ya 17,000 wa Uingereza, akaona kwamba waliokuwa na ndugu wengi nyumbani hawakusumbuliwa sana na mafua ya chavua. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo kwamba usafi wa kupindukia unainyima kinga mafunzo. Mtaani wazo hilo limegeuka kuwa majigambo: sisi tumekula udongo, sisi hatushikiki. Lakini mwaka wa 1998 jarida la Thorax lilichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a kwa kuwakimbiza na kupima pumzi zao. Wa Nairobi ndio waliobanwa kifua zaidi. Hiyo ni zaidi ya robo karne iliyopita, kabla magari na majengo hayajafikia idadi ya leo. Mtoto wa Mathare hapumui udongo wa shamba la nyanya yake. Anapumua moshi wa jiko la makaa, moshi wa matatu, takataka zinazochomwa, na vumbi la mende, ambalo lenyewe ni chanzo kinachojulikana cha mzio na pumu. Umaskini wa mjini haumkingi mtu na mzio. Unamkinga na daktari wa mzio.

La pili: "Si kila kitu ni aleji." Hili nalikubali kwa mikono miwili. Yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayetufanya tuamke na michirizi ya moto shingoni, wanayemwita Nairobi fly, hana uhusiano na mzio. Amepondwa, sumu yake imechoma ngozi, na angemchoma yeyote. Maziwa yakikuvuruga tumbo kwa sababu huna kimeng'enya cha kusaga sukari yake, huo pia si mzio, na hautakuua. Hata kipimo cha damu chenyewe kinaweza kupotosha: kwenye nchi zenye minyoo mingi mtu anaweza kuonekana ana IgE ya karanga na bado akala karanga bila tatizo, jambo lililoonekana kwa watoto wa shule Ghana. Ndiyo sababu daktari mzuri huanza na maswali: ulikula nini, saa ngapi, nini kilifura kwanza. Kwa hivyo ukiona mtu anakuuzia kifurushi cha kupima "vyakula mia mbili" kwa kingamwili za IgG, shikilia pochi yako. Mashirika ya wataalamu wa mzio ya Ulaya na Marekani yamesema wazi kwamba kipimo hicho hakionyeshi mzio, kinaonyesha tu kwamba umekula. Lakini kusema si kila kitu ni mzio hakumaanishi hakuna kitu ambacho ni mzio. Ni kama kusema si kila anayelala barabarani amegongwa na gari, halafu ukampita aliyegongwa.

La tatu, na ndilo linalonikera zaidi: "Ni kidogo tu, atazoea."

Binamu yangu hali karanga. Kwetu, upande wa magharibi, hiyo ni karibu tusi, kwa sababu mboga za kienyeji bila karanga ni kama mpishi hakumaliza kazi. Kwenye sherehe moja ya familia aliuliza kama osuga iliyokuwa kwenye sufuria ilitiwa karanga. Shangazi mmoja akamjibu haina. Alipokwisha kumeza vijiko viwili, shangazi akacheka: "Si umeona? Nilitia kidogo, na hujafa." Dakika kumi baadaye midomo ya binamu yangu ilikuwa imefura na sauti yake imekuwa ya mtu anayeongea akiwa chini ya maji. Alifika hospitali akiwa hai kwa sababu mgeni mmoja alikuwa na gari na barabara ilikuwa wazi. Hadi leo kuna watu kwenye ukoo wanaosimulia kisa hicho kama ushahidi kwamba huyo msichana anajiona.

"Kidogo tu" si hoja, kwa sababu kinga inasoma jina, haipimi kilo. Na "mwaka jana ulikula" pia si hoja, kwa sababu mwaka jana huenda ndipo orodha ilipoandikwa.

Lakini nisikwepe jambo gumu. Kuna ushahidi wa kweli kwamba kidogo kidogo husaidia. Mwaka wa 2015 utafiti wa LEAP, ulioongozwa na Gideon Lack wa London, ulichukua watoto wachanga 640 waliokuwa kwenye hatari kubwa ya kupata mzio wa karanga. Nusu wakapewa chakula chenye karanga tangu wakiwa wachanga, nusu wakaikwepa hadi miaka mitano. Waliokula walipata mzio kwa kiwango kilichokuwa chini kwa takriban asilimia 80. Ushauri wa zamani wa madaktari wa Marekani na Uingereza, wa kuwanyima karanga watoto walio hatarini, ulikuwa umeelekea kinyume. Kwa hivyo ndiyo, shangazi, mtoto mchanga kuonjeshwa uji wa karanga si wazimu. Ila angalia masharti: wale walikuwa watoto wachanga, walipimwa kwanza, na waliokuwa tayari na mzio mkali hawakuandikishwa. Kumzoesha mtu ambaye tayari ana mzio kunafanyika, lakini kliniki, kwa vipimo vya miligramu, dawa ya dharura ikiwa mezani. Hakufanyiki kwa kumdanganya kwenye sherehe.

La nne: "Mpe Piriton."

Hapa ndipo watu wanapofia. Piriton na ndugu zake huzuia histamini, na ni dawa nzuri za kuwashwa na mafua ya vumbi. Lakini histamini ni moja tu kati ya vitu vilivyomwagwa, na kidonge kinachukua muda kufika. Hakifungui koo linalofunga, hakiinui presha iliyoporomoka. Kwa anafilaksia dawa ya kwanza ni adrenalini, idungwe kwenye msuli wa paja, upande wa nje, mapema. Inakaza mishipa iliyolegea, inafungua njia za hewa, inainua presha, na kuzizuia seli za masti zisiendelee kumwaga. Hali isipobadilika ndani ya dakika tano, inarudiwa. Mgonjwa alazwe, miguu iinuliwe, au aketi kama pumzi ndiyo inayomsumbua. Asisimamishwe ghafla na asipelekwe choo akitembea. Na akipata nafuu bado aende hospitali, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Adrenalini si dawa ya anasa. Mjapani Jokichi Takamine aliitenga mwaka wa 1901, mwaka ule ule Richet alipokuwa melini. Hakuna mwenye hataza juu yake. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kichupa chake kimoja ni cha bei rahisi. Kilicho ghali ni ile kalamu inayojidunga yenyewe: Marekani, mwaka wa 2016, pakiti ya EpiPen mbili ilifika takriban dola 600, hadi bunge lao likamwita mkuu wa kampuni ajieleze. Usitarajie kuikuta kemisti ya mtaa hapa. Lakini bei ya kalamu isiwe kisingizio cha kukosa kichupa, bomba la sindano na mtu mmoja aliyefunzwa. Tunafunza watu kuzima moto kwa mtungi ambao huenda usitumike miaka ishirini.

Na kabla hujasema mzio ni vyakula pekee, waulize wazazi wako kuhusu Fansidar. Wengi wa umri wao wanamjua mtu aliyemeza dawa ya malaria yenye salfa, ngozi ikababuka kama aliyemwagiwa maji moto, mdomo ukajaa vidonda. Hiyo ni njia nyingine ya kinga kupitiliza. Haitumii IgE, inaongozwa na seli T, na huja baada ya siku au hata wiki, ndio maana watu hawaiunganishi na kidonge. Septrin ina salfa pia. Sasa fikiria ni mara ngapi umenunua antibiotiki kemisti na mtu akakuuliza: kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru? Mimi nimeulizwa bei, na kama nina M-Pesa.

Halafu kuna shule zetu za bweni. Najua shule ambayo inhela ya mwanafunzi mwenye pumu ilifungiwa kabatini kwa matroni, kwa sababu "dawa zote ni lazima ziwe ofisini". Matroni alilala nje ya uwanja wa shule. Kifua hakisubiri asubuhi. Tunamnyang'anya mtoto pumzi yake kwa jina la nidhamu, na akilalamika tunamwambia ajikaze, aache ulaini. Ni wazo lile lile la misuli, limevaa sare ya shule.

Ninachodai si kikubwa. Mwanafunzi mwenye pumu akae na inhela yake mfukoni. Kila shule ya bweni iwe na adrenalini, na watu wazima wawili wanaojua kuidunga, usiku na mchana. Mpishi akiulizwa kuna nini kwenye sufuria, ajibu ukweli. Kemisti waulize kuhusu mzio kabla ya kuuliza bei. Na hao wa chupa za kupandisha kinga wabanwe watuambie ni sehemu gani ya kinga wanayoipandisha: ile iliyomuua Neptune, au ile iliyoziba koo la binamu yangu? Wakishindwa kujibu, basi wauze juisi na waiite juisi.

Januari hii, ukimpeleka mdogo wako shule na sanduku lake la chuma, godoro na ndoo, usiishie kuuliza karo na tarehe ya nusu muhula. Muulize mwalimu mkuu maswali mawili, mbele ya wazazi wengine, kwa sauti ya kawaida: adrenalini iko wapi, na usiku funguo anazo nani?